Kilima Kinachotumezea Mwaliko

Binti yangu Yasna amefaulu mtihani wa redio wa serikali! Sasa ana jina lake la hewani na mlingoti wake uani, mwanamke wa kwanza ghuba hii nzima.

Ndugu Meneja wa Redio ya Visiwani,

Baada ya furaha hiyo, pokea salamu, kisha malalamiko.

1. Matangazo ya familia mmeyahamishia FM. Masafa ya kati yalikuwa na adabu: yalitambaa ardhini, yakakizunguka kilima, yakamkuta mtu jikoni kwake. Hii FM inakwenda moja kwa moja, shingo haigeuki kama bibi harusi; ikikuta kilima, imekoma. Na nyuma ya kilima ndiko aliko mzee Rosamel Chiguay na maksai wake. Tunafanya minga, ile kazi ya ujima: majirani watukokotee nyumba yetu ya mbao, nzima nzima, juu ya magogo. Bila maksai wa Rosamel, nyumba haisogei. Nani amemwambia? Hakuna.

2. Nikaazima redio ya mashua ya shemeji, nikatangaza minga chaneli kumi na sita. Afisa wa bandari akanifokea, "Mama, toka hapo! Hii ni ya wanaozama!" Nikamwambia, "Mwanangu, nami nazama, nimekosa maksai." Mabaharia wakacheka. Eti niombe radhi!

3. Yasna akajaribu masafa mafupi. Hayo yanaruka, yanagonga anga, yanaangukia nchi za watu. Mjapani mmoja ameahidi kuja na kamba. Rosamel, ambaye jogoo wake namsikia, hana habari! "Mama, karibu ndiko kugumu," ananiambia mtoto, kwa elimu yake.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mrudishe masafa ya kati. La sivyo mkichonge kilima, nusu tu. Kikiwashinda, mnihamishie Rosamel upande huu pamoja na zizi. Mkikosa fundi, Yasna yupo. Hajaolewa.

Nisalimie watangazaji wote, na yule wa asubuhi mwenye mafua anywe kitu cha moto.

Mimi mama yake Yasna,
Ercilia Millacura

N.B. Yasna ameisoma barua, akacheka hadi akakaa chini. "Mama, nyumba si tunaipeleka juu ya hicho hicho kilima? Kule FM itaingia hadi kwenye sufuria!" Basi kilima kiacheni, na FM msiiguse. Ila mtusomee tangazo moja la mwisho kwa masafa ya kati: mzee Rosamel aje na maksai, mikate ya viazi ipo, kome na nyama tutafukia shimoni viive kwa mawe ya moto, nanyi nyote mje, Jumamosi, tarehe kumi na nne Februari.