Nafasi Nyeupe Kwenye Jarida la Injini

Jumatatu, 2 Machi 1925, Brno

Toleo la pili la Injini, jarida langu la sanaa mpya, liko kwa mpiga chapa. La kwanza alilinunua Shangazi Hedvika peke yake, akafungia soseji dukani kwake. Mungu ambariki! Ila kasema hili nalo likidoda, Jumatatu ijayo naacha ushairi, najaza soseji. Aproni yangu ameshaitundika.

Kvido, mhariri wa jarida pinzani la Pembetatu, anatamba. Mkaguzi wa serikali, anayesoma kila jarida kabla halijatoka, alimfutia nusu ukurasa. Nafasi ikabaki nyeupe, kama kawaida, na mji mzima ukagombania jarida ujue kilichofutwa. Nami lazima nifutwe! Nimeandika shairi la kulichoma Bunge.

Jumatano, 4 Machi

Balaa! Mkaguzi, Bwana Zapletal, kalipitisha shairi lote. Eti ni shairi tamu kuhusu jiko, na mkewe kalipenda. Nikamshukuru. Ningefanyaje? Mkahawani Kvido kaniuliza mbele za watu, jiko langu linapika nini leo.

Kibaya zaidi, Zapletal kafuta tangazo la Shangazi! Ndilo linalolipia karatasi. Lilisema soseji za Hedvika zimejaa kuliko kichwa cha Waziri. Sasa ukurasa wa mwisho ni mweupe, chini kuna anwani ya duka tu. Sijathubutu kumwambia.

Ijumaa, 6 Machi

Toleo limetoka. Nilijificha stoo, juu ya duka la Shangazi. Akaniita kwa ukali, nikashuka.

Foleni! Mpaka kituo cha tramu! Kila mtu na Injini yake mkononi, anauliza kilichofutwa. Shangazi anawajibu wanunue kwanza, atawanong'oneza. Soseji zikaisha kabla ya saa sita. Hata Kvido alikuwa kwenye foleni, kakosa!

Shangazi akanikumbatia, mafuta mpaka masikioni. "We mtoto, kumbe una akili!" Akaishusha aproni. Nikalia. Nampenda sana mama huyu.

Jumapili, 8 Machi

Moyo umejaa shukrani. Hatimaye Brno imeuelewa ushairi wangu! Foleni yote ile kwa ajili ya shairi moja!

Shangazi kaahidi kulipia karatasi za toleo la tatu. Wema huu siwezi kuunyamazia. Nimemwandikia shairi la kumshukuru, refu, la kurasa kumi na mbili. Halikuenea, kwa hiyo nimeliondoa lile tangazo lake la soseji. Atafurahi sana.