Picha ya Darasa Nami Nimo

Jumanne, 8 Oktoba

Mama kaitazama picha ya darasa ya mwaka jana. Kaitazama sana. Kisha kaniuliza mimi ni yupi. Nikamjibu simo, ndiye niliyepiga. Akauliza ya mwaka juzi. Simo. Ile ya safari ya Wesha? Simo. Akaniongezea muhogo.

Mwezi ujao tunafanya mtihani wa Kidato cha Nne, kisha tunatawanyika. Yumna, kiongozi wa darasa, kaniomba nipige picha ya mwisho, Alhamisi, uwanjani. Nilikubali kabla hajamaliza. Safari hii nitakuwemo! Katikati! Kitabu cha kamera yangu kinasema nikibonyeza, inaweza kupiga yenyewe baada ya sekunde kumi.

Jumatano, 9 Oktoba

Sina stendi ya kamera. Nimeifunga kwenye mbuzi ya mama ya kukunia nazi, mbuzi nikaiweka juu ya meza. Imetulia kama jabali. Nimefanya mazoezi uani: kubonyeza, kukimbia, kusimama, kutabasamu. Kuku katoka vizuri kuliko mimi.

Mchuzi wa leo haukuwa na nazi. Baba kauliza sababu. Nikamwambia ni sanaa.

Jabir wa dawati la nyuma kajitolea kupiga kwa simu yake, nami nikasimame na wenzangu. Simu! Nimemweleza habari za lenzi mpaka akaondoka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Darasa zima lilikuja. Niliwapanga kama kitabu kinavyotaka: warefu nyuma, wafupi mbele, na pengo katikati. Masika wa safu ya mbele kauliza pengo la nani. Nikaona haya. Nikasema la hewa.

Kando ya uwanja Bi Mgeni, jirani wa shule, alikuwa kaanika karafuu zake, jamvi baada ya jamvi. Wingu lilikuwa linapanda. Niliona limelainisha mwanga, nikashukuru.

Nikabonyeza. Nikakimbia. Nikaingia kwenye pengo langu, nikatabasamu. Tone likaniangukia puani.

Bi Mgeni akapiga ukelele: Karafuu, jamani! Karafuu!

Pemba hapana anayeitwa mara mbili kwa hilo. Wote wakatimka, hata Masika na viatu vyake vipya. Yumna akanigeukia: Zubeir, shika jamvi! Nikamwambia ngoja, bado sekunde tatu.

Mvua ikamwagika. Nikavua shati nikaifunika kamera, nikajibanza mlangoni mwa darasa. Kutoka upenuni kwa Bi Mgeni niliwasikia wanacheka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Picha imetoka safi kabisa. Uwanja, mwanga laini, na mimi peke yangu natabasamu. Pembeni, kisigino cha Masika.

Nimeituma kwenye kundi la darasa, maana niliahidi. Jabir kaandika chini yake: Mashaallah, darasa limetimia.

Kisha katuma ya kwake. Wote wameroa, wameshika majamvi, vinywa wazi, Bi Mgeni katikati. Imepinda. Ina ukungu. Nimeitazama sana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kesho Bi Mgeni anawapikia pilau waliomwokolea karafuu. Mimi sikuokoa hata punje. Yumna kapita nyumbani kuniambia nije hivyo hivyo. Kamera iache, weye, njoo na mikono yako tu! Mama kaipiga pasi kanzu yangu bila kuombwa.

Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa kuamini zile sekunde kumi. Kesho nitaificha kamera ndani ya kikapu, na nitabonyeza mwenyewe. Nitasimama mbali kidogo, ili waingie wote.