Mtoto wa Maharage kwenye Daraja la Ntahangwa

Dada zangu, leo nimeaibika mchana kweupe. Mbele ya wanajeshi, mbele ya wakimbizi wenzangu, mbele ya mto mzima. Nawaandikia kutoka ofisi ya kaka yangu, kaniachia kompyuta yake nusu saa. Niko mzima. Mume wangu mzima. Heshima yangu ndiyo sijui iko wapi.

Nyie mliohama mnayajua mambo yangu. Mwaka wa nane wa ndoa, mtoto hakuna. Nashona mikoba ya vitenge kwa mkono, na vipande vinavyobaki nashonea nguo za watoto wachanga. Fulana, suruali, kofia. Siuzi, sigawi. Naziweka sandukuni. (Mkiniuliza namwekea nani, nabadilisha mazungumzo.)

Sasa, nguo lazima ipimwe. Mtoto wa kupimia sina, na kuazima wa jirani naogopa maneno. Ndipo nikatengeneza mwanasesere: kitambaa kilichojazwa maharage kilo tatu, mikono miwili, miguu miwili, kichwa. Ana faida mbili. Kwanza, halii ukimchoma sindano. Pili, waporaji wakiingia nyumbani wanachukua gunia, mwanasesere wanamwacha. Yaani akiba yetu ya chakula ilikuwa imevaa soksi.

Asubuhi risasi zikaanza kulia milimani juu ya mtaa wetu wa Gihosha. Mnajua inavyokuwa: mwanzo unasikiliza, halafu unafunga mlango, halafu unaona majirani wanateremka na wewe unateremka. Mume wangu alikuwa kazini mjini. Nikanyakua mikoba miwili iliyojaa nguo za sanduku. (Sufuria nilisahau. Nguo za mtoto ambaye hayupo sikusahau!) Na maharage je? Kilo tatu haziachwi siku ya kukimbia. Mikono imejaa. Nikamfunga mwanasesere mgongoni kwa kitenge, na kofia yake kichwani, nikatoka mbio.

Wallahi sikukusudia kumdanganya mtu.

Kwenye daraja la Ntahangwa wanajeshi walikuwa wameweka barieri ya ukaguzi. Mstari mrefu, kila mzigo unafunguliwa, na wamesema saa sita wanafunga njia. Nikasimama nyuma kabisa. Mwanamke mmoja akageuka, akaona kofia inachungulia mgongoni mwangu.

"Mupishe mama! Iko na mutoto muchanga!"

Ningeweza kusema. Neno moja tu, maharage. Sikulisema. Watu wakapisha. Mmoja akanishika mkono nisijikwae, mwingine akaninyanyulia khanga kunikinga jua. Nikaitwa mama mara nyingi kuliko nilivyowahi kuitwa maisha yangu yote. Nitawaambia ukweli: nilifurahi. Risasi zinalia nyuma yangu, na mimi nafurahi.

Bibi mmoja aliyekuwa karibu na barieri akanipa nafasi yake.

"Iko na miezi ngapi?"

"Mitatu, bibi." (Sijui ilitoka wapi.)

"Na jina?"

"Hamisi."

Hilo najua lilikotoka. Jina hilo ninalo siku nyingi.

Bibi akaingiza mkono chini ya kitenge ashike mguu. Akaubonyeza. Akashika tena.

"Mama," akasema polepole, "mutoto iko baridi."

Katika mji huu wako akina mama waliofika barieri na mtoto mgongoni bila kujua kwamba ameshafariki. Mwanajeshi kijana akavua kofia. Wanawake wawili wakaanza kulia. Bibi akanishika mabega.

"Kaa chini, binti yangu. Kaa kwanza."

Nikaona machozi yake. Aibu ikanipanda kutoka miguuni.

"Bibi, apana. Si mutoto. Ni maharagi."

Mnadhani waliniamini? "Masikini, akili imeruka," akasema mmoja, na kilio kikaongezeka! Ikabidi nimlaze mwanasesere darajani, nimvue kofia na fulana, nifumue mshono wa tumbo mwenyewe. Maharage yakamwagika barabarani.

Mwanajeshi akarudisha kofia kichwani haraka.

"We mama, unacheza na sisi?"

"Apana, shefu. Ni chakula."

Akachuchumaa, akayachambua kwa vidole akitafuta risasi. (Alikuta jiwe moja dogo. Akalitazama sana.) Bibi yeye alinipiga kofi begani, na halikuwa la utani.

"Mi wangu nilifika naye hapa baridi ya kweli," akasema. "Usirudie."

Sina la kujitetea kwa kofi hilo. Nilimwomba radhi, na bado naomba.

Nyuma mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Mstari mzima ukafuata, hata waliokuwa wakilia, hata yule mwanajeshi. Wakacheka huku wameinama wakiniokotea maharage yangu. Mimi natazama chini tu, naokota na wao.

Pembeni alikuwapo msichana na mtoto wa siku tatu, kamfunga kwenye shati la kiume lililolowa. Bibi akaiokota fulana ya mwanasesere.

"Hii ivae mutu," akasema.

Ningekataaje? Nikaomba nimvalishe mwenyewe. Nguo yangu ya kwanza kuvaliwa na binadamu! Watu wakasogea kuangalia.

Kichwa hakikupita.

Nikavuta kidogo. Mtoto akapiga kelele, uso umefunikwa, vimikono vinapiga hewa. Kichwa cha mwanasesere wangu ni kama chungwa. Nani aliwahi kuniambia kwamba mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa hivi? Mama yake akanikodolea macho. Bibi akaichomoa fulana, akapima tundu la shingo kwa vidole vyake, akanitazama mimi.

"We hujavalisha mutoto hata siku moja."

Alisema taratibu, lakini daraja zima lilisikia.

"Bado, bibi."

Kicheko kikakatika. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, dada zangu. Ya maharage ilikuwa utangulizi.

Hakuniambia pole. Alikata mshono wa bega kwa meno, akanirudishia fulana.

"Haya, muvalishe. Weka mukono chini ya shingo kwanza. Usiogope, havunjiki."

Nikaweka mkono. Shingo ilikuwa ya moto, nyepesi, na inacheza. Nilimvalisha vibaya, mkono mmoja nimeusahau ndani, lakini nilimvalisha.

Tulivuka kabla ya saa sita. Sasa nimemwaga mikoba yote miwili juu ya meza ya kaka, nimepima shingo moja moja. Miaka minane ya kushona, na hakuna hata fulana moja ambayo mtoto wa kweli angeivaa. Nimekwisha kufumua mabega ya fulana nne. Nitayatia vifungo.

Zaituni, wewe mwanao ana miezi miwili. Ukimaliza kucheka, mzungushie uzi kichwani, uniandikie ni sentimita ngapi.