Kofia ya Mzee Athmani Bwawani

Leo sina uso wa kupita mtaani, jamani! Nawaandikia kwenye kompyuta ya kukodi hapa Makadara, na mwenye duka keshanitazama mara mbili nikicheka peke yangu.

Mwajua nimepeleka posa kwa kina Zuhura na jibu lilikuwa halijatoka. Basi leo mtaa mzima tulikwenda mandari kule bara, kwenye lile bwawa kongwe la udongo la enzi za mkoloni. Kibarani tukaziba pua kwa uvundo wa jaa la taka, tukafika salama. Majamvi yakatandikwa juu ya tuta, sufuria ya biriani ikateremshwa. Mimi nikajisogeza karibu na baba yake Zuhura, Mzee Athmani, nimevaa kikoi kipya. (Hakijafuliwa hata mara moja, kinateleza. Kumbukeni hilo.)

Upepo ukavuma. Kofia ya mzee, ya kushonwa kwa mkono, hiyo majini!

"Niachieni mimi!"

Nikateremka tuta mbio, nikajirusha kifudifudi. Mimi mtoto wa kisiwani, nimezoea maji ya chumvi yanibebe. Haya ya bwawa hayakunibeba! Nikameza tope, nikatapatapa.

"Yuwafa maji!" wanawake wakapiga ukelele.

"Niokoeni!" Mimi nikawashinda kwa sauti.

Mzee Athmani akakunja suruali, akaingia taratibu, akanipita, akaokota kofia yake, akaikung'uta. Ndipo akanitazama.

"Simama, mwanangu. Maji ya magoti haya."

"Siwezi, mzee."

"Mbona huwezi?"

"Kikoi."

Kilikuwa katikati ya bwawa, kinaelea vizuri kuliko mwenyewe. (Msicheke.)

 Juu ya tuta kicheko! Hata Zuhura, wallahi, kajishika mbavu! Nikachutama pale pale mpaka mama yake, Bi Mwanaisha, akavua leso yake ya juu, akanitupia huku kageuza uso. Nikapanda tuta nimejifunga leso ya mama mkwe, ya maua mekundu, mtaa mzima ukitazama. Biriani nimeila nimewapa watu mgongo.

Nikajua posa ndiyo basi tena. Kumbe jioni hii kaja shangazi yake Zuhura na ujumbe kutoka kwa Bi Mwanaisha:

"Leso iwe yake, na posa tumeikubali. Ila siku ya nikahi avae mshipi."

Nimenunua miwili.