Tamorre Ina Watu Wangapi

Jumatatu, 3 Aprili

Wizara inataka wasifu wa kila jiji nchini uingie kitabuni. Bi Halvora, mkuu wa ofisi yetu ya habari za jiji, ametuambia mimi na Pridek tuandike, kila mtu wake. Atakayeshinda anapewa meza ya dirishani, inayotazama bandari. Mimi miaka kumi na moja nakaa mlangoni pa choo. Meza ile ni yangu, kama haki ipo.

Ziwa nimeshaliandika, na bandari, na harufu ya mikunga, samaki wetu wa kukausha. Imebaki nafasi moja: idadi ya watu. Hapo ndipo penye kazi. Mtu wa Tamorre hahesabiwi. Ziwa likisikia namba humchukua wa mwisho kuhesabiwa. Wenzetu wa Gavento, ng'ambo kule, wamejaza laki nane bila haya. Pridek kasema kwamba kwenye nafasi ile yeye haweki namba yoyote. Mvivu wa kuzaliwa.

Jumanne, 4 Aprili

Nimebisha hodi nyumba arobaini na tatu. Nimeuliza kwa adabu, mko wangapi humu. Jibu ni lile lile la mababu: "Tunatosha sufuria." Mama Ondrel, muuza mikunga, kaongeza kwamba kama ni ziwa limenituma, nikaliambie sikumkuta. Akafunga mlango, kidole changu kikiwa ndani.

Kidole kimevimba, lakini wazo limekuja. Wanatosha sufuria? Vizuri. Nitapima sufuria.

Jumatano, 5 Aprili

Nimesema nakagua kutu. Wamenikaribisha vizuri sana, wengine na chai. Bakuli moja la maji, mtu mmoja. Sufuria ya Mama Ondrel imemeza bakuli sitini na nne. Anaishi na paka. Nimeuliza kama paka naye anakula humo, kaniuliza kwetu tunalea watu wa namna gani.

Nimepiga hesabu. Tamorre ina watu milioni sita. Nchi nzima ina milioni nne. Nimepunguza kidogo.

Alhamisi, 6 Aprili

Kuna mkono wa Pridek hapa, naapa. Kawaambia watu kwamba jiji limepima sufuria ili liwagawie supu. Asubuhi foleni imetoka mlangoni petu hadi kwenye ngazi ya kivuko, kila mtu na sufuria kichwani. Bi Halvora kapita ubavu ubavu, kaniuliza hii ni nini. Nikamjibu watu wanalipenda jiji lao. Hakucheka.

Ghafla nikaona bahati yangu. Sufuria moja, nyumba moja! Nikapanda juu ya kreti nikaanza. Kosa langu ni dogo tu: sikujua kama natoa sauti. Nilipofika mia tatu na kumi na mbili foleni nzima ikanigeukia. Mama mmoja, huyo wa mia tatu na kumi na mbili, kauliza polepole nimesema nini. Mama Ondrel akamjibu yeye, si mimi: "Katuhesabu. Treva, mtoto wa hapa hapa, katuhesabu mbele ya maji."

Sufuria zikaanza kuruka. Nimejificha chooni. Angalau ni karibu na meza yangu.

Ijumaa, 7 Aprili

Hesabu ikishasemwa, dawa ni kuiharibu. Kila mtu anahamia kwa mwingine mpaka namba ipotee. Jiji zima limehama. Kivuko kimelala bandarini kwa sababu nahodha hawajui mabaharia alionao. Kwangu wamekuja tisa. (Sikuhesabu. Nilikisia.) Pridek ni mmojawapo, na kitanda kachukua yeye, na soksi zangu. Kaniuliza kama nina haradali ya kulia mkunga. Nimemwambia sina. Aliiona.

Bi Halvora kapata Mama Ondrel na paka. Nasikia paka amekataa kutoka.

Jumatatu, 10 Aprili

Watu wamerudi makwao. Wasifu wa Pridek umeshinda. Penye idadi ya watu kaandika neno moja: "Wanatosha." Neno moja! Bi Halvora kalisoma mara mbili, kavua miwani, kafuta macho. Ofisi nzima ikapiga makofi. Nami nikapiga, kwa mkono mmoja, kwa ajili ya kidole.

Nimeumia, siwezi kuficha. Nikamwendea Bi Halvora, nikamwambia miaka kumi na moja ni mingi, nami nastahili dirisha. Kakubali upesi mno. Kanipa kibanda cha kivukoni, kuelekeza abiria. Kasema huko kuna dirisha.

Lipo kweli. Kibanda kimezama chini ya gati, dirisha liko sawa na sakafu ya gati. Naona miguu tu.

Jumanne, 11 Aprili

Bi Halvora kaniapisha mbele ya wafanyakazi wote kwamba sitahesabu watu tena maisha yangu yote. Nimeapa. Na mimi nikiapa nimeapa.

Kwa hiyo nahesabu viatu. Jioni nagawanya kwa mbili.

Leo vimekuwa mia tisa na saba. Kuna mtu ananivuruga makusudi, anapita mbele ya dirisha langu akiruka mguu mmoja. Namshuku Pridek. Kesho namvizia na chaki, nikitie kiatu chake alama.