Mwaka Usio na Jeraha

Wafanyakazi wote wa Idara ya Mihuri walitangaziwa, wakiwa wamesimama uani juani, kwamba kuanzia asubuhi ile kuumia kumefutwa.

"Kwa kuzingatia mkakati," alisema Mkuu wa Idara kutoka barazani, "timu yetu itakimbia mbio ndefu zote nne za mwaka huu, na jeraha halitakuwepo. Maswali?"

Aliyeuliza mara ya mwisho alikuwa bado anatafuta nyumba huko alikohamishiwa.

Mkuu hakukurupuka. Waziri alikuwa ametamka kwa kinywa chake kwamba idara itakayomaliza mbio zote nne bila mtu kuumia, mkuu wake atapanda awe Katibu. Siku moja Mkuu aliikuta ofisi ya Katibu iko tupu, akakijaribu kiti. Kilimkaa kama suti ya kushonewa. Tangu hapo usingizi ulimpaa.

Kocha, mzee mkavu kama kuni, alimfuata ofisini.

"Bosi, mbio nne zinakimbilika. Siku nyingi waende polepole, kasi siku chache. Na baada ya kila mbio wapumzike mpaka miguu yenyewe iombe kazi."

Mkuu alivua miwani. "Miguu hiyo inalipwa na nani?"

"Na serikali, bosi."

"Basi."

Kupumzika kukapewa jina rasmi: utoro wa miguu. Wakawa wanakimbia kila siku, na kila siku kwa kasi, maana polepole haikuonekana vizuri kutoka dirishani.

Baada ya mbio za kwanza, karani wa masjala, dada waliyemwita Upepo, aliingia akichechemea.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Mguu una nini?"

"Goti, bosi. Limevimba kama boga. Nadhani nime—"

"Hebu subiri, dada!" Naibu wa Mkuu aliruka kutoka kitini. Akamnong'oneza Mkuu: "Hajasema ameumia. Tumhamishe sasa hivi, kabla hajamaliza sentensi. Akiumia, aumie akiwa mtu wa Stoo."

Mkuu akampenda Naibu wake ghafla, kama unavyompenda anayekushikia ngazi. Upepo akatoka mlangoni akiwa mtumishi wa Idara ya Stoo, na goti lake.

Utaratibu ukashika. Mbio za pili zilimpeleka Stoo dereva na kisigino chake, na mhasibu na nyonga yake. Kocha alipelekwa kwa tahadhari, kwa vile mdomo wake ulionyesha dalili. Za tatu zikazoa waliobaki. Huko Stoo walikaa juu ya maboksi, miguu imeinuliwa, wakipiga soga. Halafu wakaanza kuzunguka jengo mdogo mdogo, wakicheka. Mkuu aliwaona dirishani, akaionea Stoo huruma.

Siku ya mbio za nne Waziri alifika mwenyewe.

"Idara isiyo na jeraha hata moja! Timu yako iko wapi?"

Mkuu alimtazama Naibu.

"Timu ni Mkuu mwenyewe, mheshimiwa," alisema Naibu. "Anaongoza kwa vitendo. Mimi namsindikiza."

Makofi yakapigwa. Ukishapigiwa makofi na Waziri, unakimbia.

Mkuu alitoka mbio kama alivyoagiza watu watoke: kasi tangu hatua ya kwanza, tumbo likitangulia. Kwenye kona, nyama ya mguu ikakatika pwa!

"Naibu! Nime—"

"Usimalizie, mzee!" Naibu alishashika simu sikioni. Mkuu alipoigusa ardhi, alikuwa mtu wa Stoo.

Naibu, sasa Kaimu Mkuu, akaimalizia safari kwa kutembea, akafika viti vinakunjwa. Idara ilikuwa na mtu mmoja, mzima kabisa. Waziri akampa ukatibu palepale.

Huku nyuma, kule konani, timu ya Stoo, nayo mbioni siku hiyo, ilikuwa inapita taratibu, inapiga soga. Upepo akasimama, akachuchumaa.

"Pole, mzee. Usiukanyage huo mguu."

"Mimi sijaumia," alisema mzee, jasho likimtoka. "Niko kwenye mchakato."

"Mzee wangu, umeshakuja kwetu. Kwetu kuumia kunaruhusiwa. Lia tu."

Mzee akaangalia huku, akaangalia kule, kama kuna mwandishi wa habari. Hakuwepo hata mmoja.

Akalia.