Sheria Haikutaja Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimepata akili. Akili kubwa! Nimeweka tinti gari yangu ya abiria, vioo vyote, mbele na nyuma. Hafiz, fundi wa mjini Chake, kanihakikishia: aliye ndani anaona dunia nzima, aliye nje anaona sura yake mwenyewe. Ndicho hasa ninachokitaka.

Maana nataka kumwona Mwanawema, ila yeye asijue kama nataka kumwona. Nilimpa talaka moja mwezi wa Mei, kwa hasira. Alinicheka mbele ya dada yangu Suhaila nilipowaambia nitafuga majongoo bahari ndani ya pipa. Kicheko gani kile! Mpaka akashika ukuta. Sasa yuko kwa mama yake, kijijini Vitongoji, anakaa eda, na eda inakwisha mwezi huu. Shehe Soud kaniuliza najitesea nini. Ati kabla eda haijesha niseme tu nimemrejea, neno moja, basi, mke wangu. Nimemwambia nafikiri kwanza. Nikitangulia mie, naye akacheka tena, je?

Nyumba kimya. Upawa wake bado umetundikwa jikoni. Siugusi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeegesha Vitongoji, ng'ambo ya nyumba yao. Vioo juu, injini kimya. Joto! Nimetoka jasho mpaka kwenye masikio.

Nikamwona. Kajifunga kanga ya kijani, anaanika karafuu juu ya jamvi, anazigeuza kwa mguu taratibu, kama afanyavyo siku zote. Amekonda kidogo. Au ni kanga? Wallahi nilishika kitasa cha mlango. Nikakiachia.

Watoto wakaja kutazama meno yao kwenye kioo. Kisha Mzee Jecha, jirani yao, akagonga dirisha akasema Hija mwanangu, hujambo, vua hata shati, utakufa humo. Mzee huyu ana uganga? Vitongoji nzima hakuna gari nyengine yenye vioo vyeusi, hana hata ya kuilinganisha nayo! Amejuaje?

Jioni kapita Abdulsamad wa duka la vipuri na pikipiki yake, kamletea Bi Mwatum, mama yake Mwanawema, changu wawili. Ati ujirani! Yeye anakaa Chake. Ujirani wa wapi? Anajua mwanamke wa eda haposwi, basi anamposa mama mtu kwa samaki.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbaya. Abiria hawanisimamishi, hawajui kama ndani mna nafasi. Bibi mmoja pale Machomane aliiona gari akasema inna lillahi, akasogea pembeni.

Kisha Afande Nyange wa trafiki akanyoosha mkono. Nikashusha kioo. Akasema na vya nyuma hagombi, ila kioo kikubwa cha mbele na vya milango miwili ya mbele sheria inataka mtu aone ndani. Dereva aonekane. Nikamwambia macho yangu hayapendi jua. Akauliza sasa naendeshaje. Nikamwambia basi, ni stara ya mke wangu. Akachungulia kiti cha pembeni, akachungulia nyuma, akauliza mke mwenyewe yuko wapi.

Nilitazama usukani. Afande naye akautazama, mpaka nikaona haya kwa niaba yetu sote wawili. Akanipa mpaka Jumamosi nibandue nipeleke gari kituoni.

Alhamisi, 14 Agosti

Hafiz kabandua ya mbele. Nimeendesha hadi nyumbani nikijiona sina nguo. Watu wakanipungia mkono. Udhia mtupu.

Nikalala sebuleni, chumbani siwezi, mto wake bado unanukia asumini. Na hapo hapo akili ikaja. Kiti cha nyuma! Tinti ya nyuma ni halali. Mbele sheria, nyuma Hija!

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya kuandikwa!

Baada ya sala ya Ijumaa nikaegesha pale pale, nikahamia nyuma. Anayepita anaona gari tupu. Mwanawema akatoka. Akavuka barabara. Akaja moja kwa moja kwenye kioo changu. Nikajilaza sakafuni.

Akatengeneza ushungi wake kiooni. Kisha akasema polepole, kama anayeongea na nafsi yake, kwamba siku mbili tatu hizi anatoka eda, na aliyemwacha ana neno moja tu la kusema, na mara hii hatocheka. Akaweka kiganja juu ya kioo.

Nikainua changu, nikakiweka pale pale kwa ndani. Kioo cha moto. Sijamgusa tangu Mei. Nilifungua mdomo, neno likanifika ulimini. Nikafikiri: nikisema, si atajua nilikuwemo? Atajua nilikuja kumchungulia! Nikaufunga.

Akasimama muda mrefu. Kisha akaondoka, alama ya vidole imebaki.

Hakuniona! Tinti ya Hafiz kiboko! Na sasa nimejua ananiwaza. Ushindi, yakhe. Ila nataka kumsikia mara moja zaidi, ndipo niseme.

Jumamosi, 16 Agosti

Kituoni asubuhi. Afande kaisifu gari. Kisha akatoa leso akapangusa kioo cha nyuma, ati kina alama za mikono. Nilipiga ukelele. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Mchana Vitongoji, kiti cha nyuma, nikamsubiri aje tena. Hakuja. Karafuu zimeanikwa, yeye hayupo. Nikangoja mpaka zikaanuliwa, na aliyezianua ni Bi Mwatum.

Jumapili, 17 Agosti

Mwanawema katoka eda. Tangu jana asubuhi.

Shehe Soud hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Kasema neno moja halitoshi tena. Sasa ni posa, mahari, ndoa mpya, na mpaka mwenyewe akubali. Nimerudi nyumbani nikaita jina lake kwa sauti, ili tu lisikike ndani. Nampenda. Nimeandika. Nampenda.

Jumatano, 20 Agosti

Abdulsamad kapeleka posa. Mwanawema kasema atajibu Ijumaa.

Suhaila alikwenda kumwona. Karudi ananitazama kama mgonjwa. Mwanawema kamwambia alisimama pale kiooni mpaka kiganja kikamuungua. Kwa hiyo alijua nimo! Nani kamwambia? Namshuku Mzee Jecha.

Suhaila kaniambia bado siku moja. Niende kesho, kwa miguu, uso wazi, nimwambie mwenyewe, kwani Mwanawema hataki kingine. Dada yangu akalia. Nimekubali. Kweli kabisa, naenda. Hakuna gari, hakuna kioo.

Ila macho yangu yamevimba kwa kulia, na Mwanawema akiyaona atajua. Nimepita dukani nikanunua miwani myeusi, mikubwa, inafika mashavuni. Nimejitazama. Haonekani mtu! Nitasimama mbele yake nimsome uso vizuri kwanza. Nikiona anatabasamu, nitasema. Asipotabasamu, nitauliza bei ya karafuu.